Darasa la Kobe

Katika milki ya Mfalme Ndovu, ng'ambo ya mito ambayo majina yake yamewatoka hata wazee, palikuwa na nyumba kubwa ya uganga chini ya mbuyu, na sifa zake zilienea hadi nyika za mbali, wagonjwa wakatembea mwezi mzima kuifuata, wengine wakafika na wengine wakaishia njiani. Uganga wa nyumba hiyo uligawanywa kwa koo nne. Korongo, warefu wa miguu na warefu zaidi wa shingo, walikuwa na kazi ya kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Walipita asubuhi kati ya mikeka, wakamtazama mgonjwa kwa juu, wakatamka neno moja na kwenda zao. Komba, ambao macho yao hayajui usingizi wa usiku, waliketi na wagonjwa kutoka magharibi hadi alfajiri, wakajua nani amekula, nani ametapika, nani alikuwa akilia na nani ameacha kulia. Nungunungu walichimba mizizi, wakajua upi unaponya na ni kwa kipimo gani dawa hugeuka kuwa sumu. Na Panya Buku, waliojaliwa pua isiyo na mfano, walikaa katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha, wakinusa makohozi ya wagonjwa 100 kabla uji haujapoa, wakasema huyu anacho kifua kikuu na huyu hana.

Kila ukoo ulikuwa na mlango wake, kisima chake, mzee wake na kitabu chake. Makinda wa Korongo walifundishwa na Korongo, watoto wa Komba na Komba, na vivyo hivyo wengine, kwa miaka mingi, na muda wote huo hawakuketi jamvi moja na mtoto wa ukoo mwingine, ila siku ya kuwapokea wageni wa Mfalme, walipoimba pamoja wimbo wa kuwakaribisha. Maandishi ya Korongo yalichorwa kwa ukucha, na hapakuwa na awezaye kuyasoma isipokuwa Korongo aliyeyaandika, naye kwa siku ile tu. Komba waliwaamkia Korongo kila asubuhi, "Shikamooni, wakubwa," nao wakaitika "Marahaba" bila kuinamisha shingo, hata wapo Komba waliozeekea katika nyumba ile pasipo Korongo hata mmoja kuzijua nyuso zao. Nyumba ilikwenda hivyo hivyo, wagonjwa wengi wakapona, na waliopona walimshukuru Mungu kwanza na Korongo baadaye.

Siku moja aliletwa Mama Paa, mjane mwenye watoto watatu, akiwa na homa na kikohozi. Mzee Korongo alipita, akatazama, akasema, "Kifua kikuu," akaandika kwa ukucha wake mzizi mkali upewe mgonjwa mara moja kwa siku, akaenda zake. Nungunungu akayasoma maandishi yale kwa taabu, akaupima mzizi sawasawa, akauleta. Alijua, kwa kuwa ndiyo elimu yake, kwamba mzizi ule hutoka mwilini kwa njia ya mkojo, na kwamba kwa mgonjwa asiyekojoa hujikusanya ndani hadi ukamwua, lakini hakuna aliyemwambia kama Mama Paa anakojoa au hakojoi, na haukuwa mlango wake kuuliza. Usiku Komba akaona kwamba mgonjwa hajakojoa tangu juzi na miguu imeanza kuvimba. Akaandika katika kitabu cha Komba, kitabu ambacho husomwa na Komba. Alfajiri Panya Buku akanusa makohozi, asione kifua kikuu hata chembe. Akaliandika jibu juu ya kigae, akakiweka chini ya jiwe la mlangoni, mahali ambapo majibu yote yamewekwa tangu enzi za mababu, na ambapo Korongo, kwa urefu wao, hawakuwa na desturi ya kutazama. Ukweli wa ugonjwa wa Mama Paa ulikuwamo wote ndani ya nyumba ile, umegawanyika vipande, kila kipande kimehifadhiwa salama na mwenyewe. Siku ya nne Mama Paa akafa.

Watoto wake walikwenda kulia mbele ya baraza, na Mfalme akamwamuru Mzee Kiboko aisikilize kesi. Kila ukoo ulifika na kitabu chake. Mzee Korongo alionyesha kwamba ameutaja ugonjwa kwa wakati. Nungunungu alionyesha kwamba kipimo hakikuzidi wala kupungua hata punje. Komba alionyesha kwamba ameandika, tena kwa mwandiko mzuri. Panya Buku alikwenda kukileta kigae, ambacho kilikuwa bado chini ya jiwe, kikavu na kisafi. Kiboko akavipitia vitabu vyote vinne, akapiga miayo mitatu, ndiyo heshima ya mahakama ya kule, akasema, "Nimetafuta kosa nisilione. Korongo ametaja, Nungunungu amepima, Komba ameandika, Panya Buku ameweka kigae. Kila mmoja ametimiza wajibu wake, na marehemu amefariki kwa kufuata utaratibu." Wote wakashusha pumzi, na Mama Paa peke yake, ambaye hakuwa na kitabu, ndiye aliyebakiwa na lawama, kwamba alichelewa kuja.

Mfalme Ndovu hakuwa mpumbavu, na usiku ule usingizi ulimpaa, maana hesabu ilimkataa: wajuzi wanne, kosa hakuna, na maiti yupo. Asubuhi akawaita wazee wa koo akawaambia, "Samaki mkunje angali mbichi. Nataka watoto wenu wajifunze kufanya kazi pamoja kabla hawajakomaa wakawa ninyi." Wazee wakapiga magoti kwa shangwe, kwa kuwa amri iliyowahusu watoto haikumgusa mzee hata mmoja, wakaapa kwamba watalisimamia jambo hili kwa nguvu zao zote.

Ikaundwa kamati, na kwa kuwa kila kikao kilikuwa na posho ya kibaba cha mtama, vikao havikuwa na haraka. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: masika ya kwanza yote yalikwisha katika kujadili ni jina la ukoo upi litangulie kwenye kibao cha langoni, hadi Nungunungu mmoja mwenye busara akapendekeza majina yaandikwe kwa mduara ili pasiwe na wa kwanza wala wa mwisho, pendekezo likapokewa kwa makofi, na masika ya pili yakatumika kuamua ni jina lipi likae juu ya mduara. Likawa la Korongo. Kisha ukaja mjadala wa saa. Komba, Nungunungu na Panya Buku ni viumbe wa usiku, kazi zao na akili zao huamka jua likizama. Korongo peke yao ndio wa mchana. Kamati ikazipima hoja za pande zote kwa uadilifu mkubwa, ikaamua darasa liwe saa sita mchana, kwa sababu Korongo hawaoni vizuri gizani. Vijana wa Komba, waliokuwa wametoka kukesha, walifika wakisinzia, na katika taarifa ya kwanza kwa Mfalme ikaandikwa kwamba baadhi ya koo bado hazijaonyesha ari.

Likabaki suala la mwalimu. Wazee hawakumtaka mwalimu wa ukoo wowote kati ya zile nne, asije akapendelea kwao. Wakatafuta mnyama asiyefungamana na yeyote, wakampata Kobe. Kobe alikuwa amesoma sana. Alibeba nyumba yake mgongoni, alikula peke yake, alilala peke yake, na jambo lolote lililomtatiza alilimaliza kwa kuingiza kichwa ndani. Hivyo alikuwa amepata utulivu wa kuandika juu ya ushirikiano kurasa nyingi kuliko mnyama yeyote aliye hai. Alifundisha kwamba ushirikiano una nguzo nne: ya kwanza kuheshimiana, ya pili kuijua kazi ya kila mmoja, ya tatu kusemezana, ya nne kuwa kundi. Vijana wakaziandika, wakazikariri, wakaziimba. Waliketi chini ya mbuyu kwa safu nne, kila ukoo na safu yake, wakilitazama gamba la mwalimu, na mwaka mzima hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeletwa mbele yao, kwa kuwa Kobe aliona kwamba wagonjwa huuvuruga mtiririko wa somo.

Hata hivyo isisemwe kwamba darasa lilikosa mazoezi. Siku moja katika mwaka iliitwa Siku ya Umoja, na siku hiyo vijana walichanganywa makundi makundi, kila kundi likapewa matete 20 na kamba ya mkonge, likaambiwa lijenge mnara mrefu kuliko wa wenzao. Katika kila kundi kinda wa Korongo alichaguliwa kuwa mwenyekiti kabla hajasema neno, kwa kuwa alikuwa mrefu. Komba akawa karani, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka. Nungunungu na Panya Buku wakabeba matete. Minara mingine ikasimama, mingine ikaanguka, pilau likaliwa, na Kobe akaandika kwamba vijana wamejifunza kugawana majukumu. Hapakuwa na uongo katika maneno hayo: majukumu waliyogawana yalikuwa yale yale waliyoyaona kwa wazee wao tangu utotoni.

Mfalme mwenyewe alialikwa alasiri ya siku hiyo, na ili asiondoke hivi hivi, Sungura alikodiwa ajilaze mkekani ajifanye mgonjwa. Vijana wanne waliozoezwa kwa majuma mawili wakamzunguka: wa kwanza akamtazama mdomoni, wa pili akamtandikia, wa tatu akamnywesha maji yaliyoitwa dawa, wa nne akamnusa, na kila mmoja alipomaliza alimgeukia Mfalme akasema kwa sauti kuu, "Nashirikiana!" Baraza likapiga vigelegele. Mfalme akainama, akamwuliza Sungura anajionaje. Sungura, ambaye posho yake alikuwa ameshaipokea, akajibu, "Uishi, Mfalme. Nimetibiwa na wanne, na hadi sasa hakuna aliyeniuliza ninaumwa wapi." Kasuku, karani wa kamati, akawaeleza wageni kwamba huyo alikuwa akifanya mzaha, na ngoma zikapigwa.

Mwisho wa mwaka ukafika mtihani. Vijana walitenganishwa hatua tano tano, na Kasuku akatangaza mara tatu kwamba huu ni mtihani wa ushirikiano, kwa hiyo atakayemwuliza mwenziwe neno lolote atafukuzwa. Maswali ya kwanza yalikuwa mepesi: taja nguzo nne, eleza faida za umoja. Swali la mwisho lilitungwa kutokana na kesi ya Mama Paa, ingawa jina lake lilifichwa kwa staha: mgonjwa ana homa na kikohozi, ameandikiwa mzizi mkali, miguu imevimba, kigae kipo chini ya jiwe, ufanyeje? Vijana wengi wakajaza kurasa. Kinda mmoja wa Korongo akalitazama swali kwa muda mrefu, akaona hajui kwa nini miguu ivimbe, akageuza shingo, akamnong'oneza binti Komba, "Dada, wewe hukesha nao. Miguu ikivimba ni nini?" Akajibu, "Huenda hakojoi. Lakini mambo ya mzizi mwulize yule." Kijana wa Nungunungu, aliyekuwa amewasikia, miiba ikamsimama yenyewe: "Msimpe! Atakufa!" Naye mwana wa Panya Buku, aliyekuwa amepitiwa na usingizi, akaamshwa na kelele hizo akauliza, "Kwani kigae kimesomwa?" Katika darasa zima majibu manne tu yalikuwa sahihi, na yote manne yalifutwa kwa udanganyifu.

Wahitimu waliosalia walivishwa mashada, na walipoulizwa kama wamefaidika wakasema pilau lilikuwa zuri, basi kamati ikampelekea Mfalme habari kwamba darasa limefanikiwa kwa ushahidi wa wanafunzi wenyewe. Kesho yake vijana hao wakaingia kazini chini ya wazee wao. Komba mmoja, wino wa hati yake ukiwa bado haujakauka, alimwendea Mzee Korongo, akamwamkia, akasema, "Mzee wangu, mgonjwa wa mkeka wa tatu anapumua kwa shida." Mzee akamtazama kana kwamba mkeka wenyewe ndio uliosema, akauliza, "Nani amekuuliza?" kisha akawageukia makinda wake akawaambia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Kinda mmoja aliyethubutu kumwuliza Komba jina lake alichekwa na wenziwe kutwa nzima. Kabla mwezi mwingine haujaandama, nguzo zote nne zilikuwa zimesahauliwa, kwa kuwa darasa la Kobe lilikuwa mara moja kwa juma, na darasa la Mzee Korongo lilikuwa kila asubuhi.

Wale wanne waliofukuzwa hawakufungwa. Walipewa adhabu iliyohesabiwa kuwa nzito zaidi, wakapelekwa Kichuguuni, mwisho wa milki, pasipo mbuyu wala kibao. Huko palikuwa na kibanda kimoja, mlango mmoja, chungu kimoja, na Bibi Kanga, mkunga mzee aliyekuwa akitibu kila kilichofika kwake tangu ujana wake, bila mtu kumwuliza hati. Akawapokea, akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Wanangu, mlango ni huu huu. Anayeingia ni mgonjwa wenu nyote, na mpaka atoke kwa miguu yake au kwa machela, ni wenu nyote." Hakuwafundisha nguzo hata moja.

Msidhani, wasikilizaji, kwamba walipatana siku hiyo hiyo. Korongo kijana alikataa kushika beseni, akisema shingo yake haikuumbwa kwa kazi hiyo. Binti Komba aliona kila kitu na kunyamaza, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Mwana wa Panya Buku aliviacha vigae vyake chini ya jiwe na kukimbia, na kijana wa Nungunungu kila aliposahihishwa alisimamisha miiba, asikaribike. Bibi Kanga hakuwakemea. Kila alfajiri na kila magharibi, wakati wa kukabidhiana zamu, aliwaketisha kuuzunguka mkeka wa mgonjwa, mgonjwa mwenyewe akisikia, akauliza maswali yale yale: nani amekaa naye, ameona nini, anahofia nini, anataka tufanye nini, kisha akamgeukia aliyekuwa kimya kuliko wote akasema, "Na wewe, una neno gani ambalo hujalitoa?" Aliyepewa agizo alitakiwa alirudie kwa sauti kabla ya kuondoka, na aliyeagiza alitakiwa aitike, "Ndivyo," au, "Sivyo." Majibu ya Panya Buku yalisemwa mdomoni, jiwe likabaki jiwe. Na kabla ya kupasua jipu, hata likiwa dogo, kila mmoja alitaja jina lake na kazi iliyomleta, maana Bibi alikuwa amegundua kwamba aliyekwisha kuisikia sauti yake mwenyewe mbele ya wenziwe hupata ujasiri wa kuitoa tena mambo yanapoharibika.

Uzito wa mambo haya ulionekana usiku wa Ngiri. Ngiri aliletwa na jeraha la mtego lililooza, homa kali na matusi, na Korongo kijana, kwa haraka na hofu, akaagiza vipande vitatu vya mzizi mkali. Nungunungu akarudia, "Vipande vitatu," kwa sauti iliyokuwa na shaka ndani yake, akaanza kwenda. Hapo binti Komba, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumpinga mwenye shingo ndefu, akasema, "Simameni kwanza." Kibanda kikawa kimya. Akaeleza kwamba tangu magharibi amekuwa akikipima kibuyu cha mkojo wa Ngiri, na hakijafika hata robo. Korongo kijana alifura, akakumbuka yote aliyofundishwa juu ya mkubwa na mdogo. Lakini mgonjwa alikuwa pale, katikati yao, akihema, na hoja ya kibuyu haikuwa na cheo cha kubishana nacho. Akamgeukia Nungunungu akauliza, "Upo mzizi mwingine?" Ukapatikana. Ngiri aliondoka kwa miguu yake siku ya tisa, akitukana njia nzima, ndiyo dalili ya Ngiri mzima. Korongo hakusema na Komba siku mbili. Siku ya tatu akalishika beseni.

Jirani zao walikuwa sungusungu, wale weusi wakubwa waendao kwa safu kuwavamia mchwa, na jioni vijana walikaa nje kuwatazama wakirudi vitani. Waliokatwa mguu mmoja au miwili walibebwa na wenzao hadi nyumbani, wakalambwa vidonda. Walioumia kupita kiasi walikataa wenyewe kubebwa, safu ikapita. Mwana wa Panya Buku, mpenda hesabu, alihesabu kwa siku nyingi, akakuta kwamba katika kila majeruhi 10 wasiolambwa hufa 8 kabla ya siku moja kuisha, na katika 10 waliolambwa hufa 1. Hakuna sungusungu aliyeonekana na kitabu, wala hakikuonekana kidonda kilichokosa mwenyewe.

Sifa husafiri kwa miguu ya waliopona. Wagonjwa wa mji mkuu wakaanza kuupita mbuyu na kwenda zao Kichuguuni, jambo lililowasumbua wazee wa koo kuliko kifo chochote kilichowahi kutokea kwao. Ukatumwa ujumbe wa wazee wanne, pamoja na Kobe na Kasuku. Kobe alifika siku 12 baada ya wenziwe, na kazi haikuanza bila yeye, ili posho isiwe na dosari. Wakauliza, "Nani mkuu wa hapa?" Binti Komba akajibu kwa adabu, "Wazee wangu, hutegemea saa na jambo. Usiku ni mimi; mzizi ukipimwa ni huyu; makohozi yakinuswa ni yule; jipu likipasuliwa ni Korongo; na mama akishikwa na uchungu, sote ni watoto wa Bibi." Kasuku akaandika: Hawana uongozi. Wakadai daftari la mahudhurio, wakaambiwa halipo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukosekana. Wakauliza habari za mtaala, Bibi Kanga akawaonyesha mkeka na aliyelala juu yake. Kasuku akaandika: Hawana mtaala. Wakauliza wamesoma wapi mengineyo, mwana wa Panya Buku akawaonyesha safu ya sungusungu, na Kasuku akaandika: Hushauriana na wadudu. Lakini Mzee Korongo, ambaye hakuwa mnyama mbaya, aliketi kando ya mkeka kutwa nzima, akamwona kijana wa ukoo wake akimwuliza Komba kabla ya kuagiza, akamwona na mgonjwa akiketi kunywa uji. Shingo ikamwinama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaliona jiwe la mlangoni. Hakusema kitu, kwa kuwa kamati ilikuwa haijampa zamu ya kusema.

Ujumbe uliporudi ulikiri kwa haki kwamba Kichuguuni pana jambo jema, na kwamba jambo jema halifai kuachwa pembezoni mwa milki likiwanufaisha wagonjwa wa pembezoni. Mfalme akafurahi. Wale wanne wakafutiwa fedheha, wakapewa hati zao, wakaitwa mji mkuu kwa ngoma na vigelegele, na kila mmoja akavishwa joho na cheo cha Mkufunzi Mkuu wa Ushirikiano katika ukoo wake: Korongo awafundishe Korongo asubuhi, Komba awafundishe Komba usiku wa manane, Nungunungu katika ghala la mizizi, na Panya Buku katika chumba cha nyuma, ambacho kwa heshima ya cheo kilitobolewa dirisha. Walipoomba wapewe walau mgonjwa mmoja wa kukutanikia, waliambiwa kwamba wagonjwa hawamo katika bajeti ya mafunzo. Walipoomba kuonana wao kwa wao, waliambiwa waandike barua kupitia kwa wazee wa koo zao. Na Bibi Kanga alipotuma salamu kuomba wasaidizi wengine badala ya wanne wake, alijibiwa kwamba nafasi hizo ni za wenye hati ya ushirikiano, na wenye hati wanaoujua ushirikiano wote wamekwisha kuajiriwa kuufundisha.

Mwisho wa mwaka Kasuku akaisoma taarifa mbele ya baraza lote, Mfalme akaipiga muhuri kwa unyayo wake, na nakala ikabandikwa langoni chini ya ule mduara, ikisema kwamba ushirikiano, ambao hapo awali ulipatikana mahali pamoja tu katika milki nzima, sasa umeenea kote, na kila ukoo unao wa kwake.